Kalenda mbili za Andes, moja ya mfalme na moja ya mkulima

Ukitafuta picha ya "kalenda ya Wainka" mtandaoni, mara nyingi utaletewa lile jiwe kubwa la duara lenye uso uliotoa ulimi katikati. Jiwe lile ni la Waazteki, liko Mexico City, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Cusco, mji wa Wainka kwenye milima ya Andes, Peru, na Wainka hawahusiki nalo kabisa. Hili kosa linanikera sana. Nadhani linatokea kwa sababu mtu akisikia neno kalenda anataka aone kitu cha kushika, chenye mistari na namba, kitu cha kutundika ukutani, sasa akienda Andes akakuta hakuna maandishi, hakuna jedwali, kuna kamba za mafundo tu, basi anaazima jiwe la jirani. Wakati kalenda ya kule ipo, tena ni kubwa kuliko jiwe lolote, ila imekaa mahali ambapo mtu wa leo haangalii, yaani kwenye migongo ya milima na kwenye anga lenyewe. Na ukiichunguza vizuri utakuta ziko mbili, moja ilikuwa ya wakubwa na nyingine ya wakulima, na zilivyoishia ni tofauti kabisa.

Tuanzie Chankillo. Ni jangwani, pwani ya Peru, kwenye bonde la Casma. Juu ya kilima kirefu chembamba kuna minara 13 ya mawe, imepangwa mstari mmoja kutoka kaskazini kwenda kusini, mstari wote una urefu wa kama mita 300, ukiiona kwa mbali utasema ni meno ya chanuo. Ilijengwa karibu miaka 250 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,600 kabla dola ya Inka haijaanza kutanuka. Watu walikuwa wanaiona miaka yote, kazi yake ndo ilikuwa haijaeleweka, mpaka mwaka 2007 Ivan Ghezzi wa Peru na Clive Ruggles wa Uingereza walipochapisha vipimo vyao kwenye jarida la Science. Upande wa magharibi wa kilima kuna jengo lenye korido ndefu, ukitembea ndani yake minara huioni, unaenda tu kati ya kuta, halafu ukifika kwenye mlango wa mwisho ndo yote 13 inakutokea mbele kwa mpigo. Ukisimama hapo mlangoni alfajiri ya Desemba, jua linachomoza upande wa mnara wa mwisho kusini. Siku zinavyokwenda linasogea kaskazini, linapita pengo baada ya pengo, Juni linafika mwisho wa safari yake, linasita pale siku kadhaa kama mtu aliyesahau kitu, halafu linageuza. Kwenye mapengo ya katikati linatumia kama siku 10 kutoka pengo moja hadi lingine. Mtu aliyezoea akisimama pale anaweza kutaja tarehe akakosea kwa siku mbili tatu tu, na upande wa mashariki wa kilima kuna sehemu nyingine ya kusimama kwa ajili ya machweo.

Siku kumi kumi. Mtu wa pwani yetu akisikia hivyo lazima akumbuke miongo, ile hesabu ya mwaka wa Nairuzi ambayo mabaharia na wakulima wa Kiswahili walikuwa wanaitumia kujua pepo zitageuka lini na shamba lianze lini. Sisemi kuna uhusiano, bahari iliyo katikati ni kubwa mno. Ila tatizo lililokuwa linatatuliwa ni lilelile. Mwezi wa mbinguni ni rahisi kuuhesabu, lakini miezi 12 inatoa siku 354, pungufu siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, ndo maana Ramadhani inazunguka misimu yote, mwaka huu inakukuta kwenye joto na miaka kadhaa mbele inakukuta kwenye masika. Mfungo hauna shida na hilo. Mahindi yanayo. Ukipanda mahindi kwa kufuata mwezi mtupu, baada ya miaka mitatu umeshachelewa au umewahi kwa mwezi mzima. Kwa hiyo hata watu wenye miezi yao lazima wawe na njia ya kulishika jua.

Na hapa lugha yenyewe inasaidia kuelewa. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka, killa ni mwezi wa mbinguni na ni mwezi wa siku 30 pia, sawasawa na sisi tunavyosema mwezi kwa vyote viwili. Mwaka ni wata, na mzizi huohuo wata ndio wa kufunga kamba, kufunga mnyama asipotee. Pacha ni dunia na ni wakati, neno moja, huwezi kulikata vipande viwili ukasema hiki ni mahali na hiki ni muda. Ukishalielewa hilo, minara ya kwenye kilima haishangazi tena, kwa sababu kwa watu hawa kujua ni lini ilikuwa ni kujua jua liko wapi, basi. Hata muda mfupi waliupima kwa kazi za mikono, Wahispania wa enzi za ukoloni waliandika kwamba ukitaka kusema saa moja unasema muda wa kuchemsha sufuria la viazi, na safari ilipimwa kwa muda ambao tonge la majani ya koka linadumu shavuni.

Sasa twende Cusco, mji mkuu wa Wainka, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa juu hivyo mahindi ni kamari. Baridi ya usiku inagandisha, inaweza kuua miche ikitangulia sana, na inaweza kuua mahindi mabichi kama ulichelewa kupanda. Na shamba la juu zaidi kidogo linakomaa taratibu kuliko la bondeni, kwa hiyo hakuna tarehe moja ya watu wote, kila kimo kina tarehe yake. Wainka wakajenga nguzo kwenye mstari wa milima kuzunguka mji, zikiitwa sukanka. Kuna maelezo ya Mhispania asiyejulikana jina, ya miaka ya 1570, nayapenda sana kwa sababu ni ya kazi kabisa hayana mapambo, anasema kwenye kilima cha magharibi zilikuwa nguzo nne, jua la Agosti likizama kwenye ile ya kwanza wenye mashamba ya juu wanaanza kupanda kwa sababu mazao yao yanachelewa kukomaa, likifika katikati ya zile mbili za ndani ndo wakati wa watu wa Cusco. Aliyeangalia alisimama kwenye uwanja mkuu wa mji. Yaani ile ilikuwa ratiba ya kilimo ya wilaya nzima, imeandikwa kwa mawe manne na jua.

Agosti hiyohiyo mfalme mwenyewe alikuwa anashika chakitaqlla, jembe la kukanyaga kwa mguu, anafungua ardhi ya kwanza. Guaman Poma, mtu wa asili ya Andes aliyemwandikia mfalme wa Hispania barua ya kurasa karibu 1,200 iliyokamilika karibu mwaka 1615, amechora mwezi kwa mwezi kazi za mwaka mzima, na Agosti yake ni wanaume kwa mstari wamekanyaga majembe, wanawake wamepiga magoti mbele yao wanageuza madongo kwa mikono, na pombe ya mahindi inaletwa. Machi anachora kufukuza kasuku, Novemba kiangazi kimekaba wanahangaika na maji. Ukizipitia hizo picha unaona vizuri kwamba mwezi kwake ni kazi ya mikono kabla haujawa jina.

Lakini nguzo hazikuwa za kuwasaidia wakulima tu, na hapa ndo hoja yangu inapoanzia. Mkulima wa Andes alikuwa anajua lini apande miaka maelfu kabla ya Inka kuja na nguzo. Kilichofanywa na dola ni kuichukua ile elimu na kuiweka mikononi mwa mtu mmoja anayejiita mwana wa Jua. Ukitaka kuliona hilo kwa macho nenda Kisiwa cha Jua, ndani ya ziwa Titicaca, upande wa Bolivia. Pale kuna Mwamba Mtakatifu, na juu ya mgongo wa kilima kuna misingi ya minara miwili inayoonyesha jua linapozama Juni, siku lilipofika mwisho wa kaskazini. David Dearborn na wenzake walipopima, mwaka 1998 wakaandika kwamba kulikuwa na sehemu mbili za kusimama. Wakubwa walikuwa ndani ya ukuta, jirani na Mwamba. Watu wa kawaida, mahujaji, walikuwa nje ya ukuta. Wote waliona jua likizama kati ya minara, ila yule wa nje alikuwa analiona likizama juu ya vichwa vya wakubwa waliosimama mbele yake. Fikiria mkulima ametembea wiki nzima kufika pale, anaangalia jua, na katikati yake na jua wamesimama watawala. Huo ni ujenzi uliopangwa, na ujumbe wake haukuhitaji maandishi.

Niseme kidogo kuhusu namba 328 kwa sababu ndiyo inayopendwa na wanaotafuta siri. Padri Bernabé Cobo alinakili orodha ya mahali patakatifu 328 kuzunguka Cusco, pamepangwa kwenye mistari ya kufikirika inayotoka katikati ya mji kama miale, inaitwa ceque. Mwanaanthropolojia Tom Zuidema akapiga hesabu, mwezi unarudi kwenye nyota zilezile baada ya siku 27 na theluthi, mara 12 unapata 328, siku 37 zinazobaki kufika 365 ndo zile ambazo kundi la Kilimia halionekani, kwa hiyo kila mahali patakatifu ni siku moja ya kalenda. Ni hesabu tamu kweli. Brian Bauer na Dearborn hawakuikubali, na mimi nasimama nao, maana orodha ya Cobo ni orodha ya chemchemi, mawe, makaburi na nyumba, zenye familia zinazozitunza, na hakuna mwandishi wa wakati ule aliyesema watu walikuwa wanahesabu siku kwa kuzifuata. Inatuvutia kwa sababu inafanana na kalenda yetu ya ukutani, kisanduku kimoja siku moja. Tunarudi kulekule kwenye jiwe la duara.

Ila Zuidema kwenye jambo moja alikuwa amegusa penyewe, nalo ni Kilimia.

Kilimia hicho hicho chetu. Lile kundi dogo la nyota zilizobanana, ambalo jina lake tu linakuambia kulima, na wazee wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakechua wanakiita Qollqa, maana yake ghala. Sisi tumekipa jina la kazi ya mwanzo, wao wamekipa jina la mahali mavuno yanapoishia, na sidhani kuna mtu aliyekaa akawafundisha hao au hawa. Mwezi Mei jua linapita karibu nacho kinapotea, Juni kinarudi alfajiri upande wa mashariki. Mwaka jana mwishoni mwa Juni nilikuwa kijijini, hakuna taa, nikaamka saa kumi na moja alfajiri nikatoka nje na shuka begani, nikakiona juu kidogo ya miti, kama ngumi ndogo yenye vumbi la mwanga. Nikahesabu nyota sita. Nikasugua macho nikahesabu tena nikapata tano, halafu kidogo ukungu mwembamba ambao hata sikuwa nimeuona ukapita, zikabaki kama tatu na kivuli. Nilisimama pale nikaelewa kitu nilichokuwa nimekisoma tu.

Kitu chenyewe ni hiki. Kuna hati ya Kikechua kutoka Huarochirí, milimani juu ya Lima, ya karibu mwaka 1608, ambayo inaeleza imani za watu wa kule kwa lugha yao. Inasimulia Yacana, lama (mnyama wa Andes wa jamii ya ngamia) mweusi wa angani, ambaye hakuundwa na nyota, ni umbo la giza ndani ya ule ukanda mweupe unaokatiza anga, ukanda ambao wao wanauita mto. Macho yake ni zile nyota mbili angavu jirani na Msalaba wa Kusini, na usiku wa manane anashuka kunywa maji ya bahari ili dunia isigharike. Halafu inakuja kwenye Kilimia, inasema watu wanakiangalia kinaporudi, kikija na nyota kubwa wanasema mwaka huu tutashiba, kikija na nyota ndogo wanasema tutateseka sana.

Wasomi walikuwa wanaisoma hiyo kama ushirikina mzuri wa kishairi. Mwaka 2000 mwanaanthropolojia Benjamin Orlove na wataalamu wa hali ya hewa John Chiang na Mark Cane wakatoa utafiti kwenye jarida la Nature, kuhusu vijiji vya Peru na Bolivia ambako wakulima wa viazi bado wanafanya hivyo. Katikati ya usiku wa Juni, wakati wa baridi kali kuliko yote ya mwaka, wanapanda hadi mgongo wa mlima, wanasubiri Kilimia kitoke, wanaangalia ukubwa wake, mng'ao wake, tarehe kilipoonekana mara ya kwanza, na nyota inayong'aa zaidi iko upande gani wa kundi. Kikiwa hafifu wanajua mvua itachelewa na itakuwa haba, wanasogeza upandaji wa viazi wiki 4 mpaka 6, kwa sababu mizizi ya viazi haiendi chini sana, ukame wa wakati wa kupanda unaviua kirahisi. Walipolinganisha na data za sateliti za mawingu wakakuta mwaka wa El Nino kunakuwa na mawingu mepesi mno ya juu sana mwezi Juni, jicho haliyaoni, lakini yanatosha kuzima nyota ndogo za Kilimia, hasa kikiwa bado chini karibu na upeo. Na mwaka wa El Nino ndo mwaka ambao mvua ya Oktoba mpaka Machi inapungua kwenye milima ile. Huku kwetu El Nino tunaijua kwa mafuriko, aliyekuwepo 1997 na 1998 hahitaji kusimuliwa, kule milimani ni ukame.

Tafakari hilo kidogo. Mark Cane ni mmoja wa watu waliotengeneza programu ya kwanza ya kompyuta kutabiri El Nino, miaka ya 1980. Wakulima wa Andes walikuwa wanatabiri athari yake walau tangu karne ya 16, kwa macho, miezi minne kabla, bila kujua chochote kuhusu joto la bahari ya Pasifiki. Nguzo za mfalme hazikuweza kufanya kazi hiyo. Jua likizama kati ya nguzo mbili linakuambia ni tarehe fulani, kila mwaka vilevile, mwaka wa mvua na mwaka wa njaa. Kilimia kinakuambia mwaka wenyewe ukoje. Ukiniuliza mimi hiyo ndo kalenda iliyokuwa na akili zaidi kati ya zote mbili, maana inakubali kwamba Oktoba ya mwaka huu si Oktoba ya mwaka jana.

Wahispania walifika Cusco 1533. Garcilaso de la Vega, mama yake alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Inka, aliandika kwamba alipoondoka kwenda Hispania 1560 aliziacha nguzo zimesimama. Leo zile za Cusco hakuna hata moja. Zimebaki mbili tu za kueleweka juu ya bonde la Urubamba, kwenye mlima juu ya lililokuwa jumba la mfalme Huayna Capac, zinaonyesha jua la Juni. Sherehe ya jua, Inti Raymi, ikapigwa marufuku. Na hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu kalenda ya dola ilikuwa na anwani, ilikuwa na makuhani, uwanja, mawe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema sasa pandeni. Ukimuua mtu huyo na kuangusha mawe umemaliza kazi. Kilimia kingeangushwa na nani? Padri aliweza kumchapa mtu viboko kwa kukisujudia, hakuweza kumzuia asiangalie juu akitoka nje usiku.

Siku hizi kuna juhudi za kurudisha wakati wa kale. Bolivia tangu 2009 imeifanya tarehe 21 Juni kuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Waaymara, watu wa asili wa milima ile, watu wanapokea jua kwenye magofu ya Tiwanaku wameinua viganja, na 2024 walihesabu kuwa ni mwaka wa 5532, hesabu inayopatikana kwa kuchukua miaka 5,000 na kuongeza ile iliyopita tangu Columbus afike 1492. Namba hiyo ni ya juzi, ila sioni vibaya watu walionyang'anywa mwaka wao wakijitengenezea mwingine. Mwaka 2014 saa ya jengo la bunge kule La Paz ikageuzwa ikawa inazunguka kinyume, na waliocheka hawakufikiria kwamba kijiti ukikichomeka ardhini kusini kule kivuli chake kinazunguka hivyohivyo. Kwa Kiaymara wakati uliopita uko mbele, neno nayra ni jicho, ni mbele na ni zamani, kwa sababu yaliyopita umeyaona, na yajayo yako mgongoni. Sisi tunasema siku za nyuma. Nimejaribu kufikiri kwa namna yao na inachukua muda kuzoea, lakini mtu anayeangalia nyota za Juni ili ajue mvua ya Oktoba anafanya hivyo kabisa, anasoma kilicho mbele ya macho ili ajue kilicho mgongoni.

Inti Raymi nayo ilifufuliwa Cusco 1944, inachezwa kila tarehe 24 Juni kwenye ngome ya Saqsaywaman, kuna waigizaji mamia, mfalme anabebwa kwenye kiti, watalii wanalipia viti vyao. Ni tamasha zuri na wenyeji wanajivunia kwa haki. Ila ni kalenda ya dola ndo iliyohitaji kufufuliwa. Usiku wa kuamkia tarehe hiyohiyo 24, siku ya Mtakatifu Yohana, vijijini juu zaidi watu wanakuwa wameshapanda mgongo wa mlima, mablanketi mabegani, wameangalia mashariki, na kabla jua halijachomoza wanashuka wakibishana njiani kama mbegu ziingie ardhini Oktoba au zisubiri Novemba.